Sahani Isiyo na Jani

Wasikilizaji wapendwa, punguzeni kidogo kelele za vyombo huko jikoni, mkae nami. Leo tunamkumbuka mtafiti wa mimea ya dawa, mwanamke ambaye wanafunzi wake walimwita Mama Bila-Jani. Amefariki wiki hii kwa saratani. Ndiyo, mtu aliyeitafuta dawa ya saratani kwenye majani, saratani ndiyo iliyomchukua. Lakini si hilo lililomuumiza zaidi maishani. Kilichomuumiza ni habari ya dada yake.

Dada huyo alikuwa fundi cherehani. Wazazi walifariki mapema, na yeye ndiye aliyemlea mdogo wake. Alishona sare za watoto wa watu ili wa kwao asome. Mdogo akasoma kweli, mpaka akaingia maabara na kuvaa koti jeupe. Hata koti lenyewe alilishona dada, na mifuko yake ilikuwa mikubwa kupita kiasi.

"Ya kuwekea akili iliyozidi," dada alimtania.

Kisha dada akaota uvimbe wa saratani kwenye titi. Hospitali ikaanza kumtibu. Dripu zilimchosha, nywele zikapukutika, chakula hakikupita. Sasa, nyuma ya nyumba ya dada, karibu na kamba ya kuanikia nguo, kulikuwa na kichaka ambacho majirani walitumia majani yake kwa vidonda. Mtafiti wetu akayachuma. Akayaanika kivulini, akayasaga, akayaloweka, akapata utomvu mweusi unaonata vidoleni.

Akaupima. Bakteria waliopandwa kwenye sahani ya maabara hawakuota karibu nao. Palibaki duara safi kabisa. Akapima antioksidanti, yaani vitu vinavyolinda seli zisiharibike. Kimiminika cha zambarau cha kipimo hicho kikafifia, kikawa manjano. Dalili nzuri hiyo. Akaujaribu kwenye seli za saratani, zile zinazokuzwa maabara. Asubuhi akachungulia kwenye hadubini. Zimekufa. Zote zimekufa.

Wasikilizaji wapendwa, hapa nisikilizeni vizuri. Utomvu ule haukubali maji. Aliuyeyusha kwa kimiminika kikali cha maabara. Kwa hiyo kwenye sahani ya kulinganishia, ile isiyo na jani, alipaswa kuweka kimiminika kilekile, kitupu, aone peke yake kinafanya nini. Yeye akaweka maji. Aliyajua hayo kama jina lake, lakini alikuwa na haraka, haraka ya mtu ambaye dada yake anaumwa.

Hakungoja kurudia kipimo. Alikwenda moja kwa moja kwenye chumba cha cherehani, koti bado mwilini.

"Dada, zimekufa! Seli zote!"

"Kwa majani haya haya ya uani kwangu?"

"Haya haya."

Dada akaangua kicheko, akaweka mkasi chini. "Basi dripu za nini tena? Mtaalamu ninaye nyumbani."

Mtafiti alijua la kusema. Alipaswa kusema: dada, hospitali usiache. Lakini alikuwa ameonekana shujaa mbele ya mtu aliyemlea, na kichwa kikamvimba. Akacheka naye, akanyamaza.

Dada akaacha kliniki. Akawa anachemsha majani asubuhi na jioni. Mdogo wake akimuuliza, "Si machungu?" alijibu, "Wala! Nakunywa kama chai."

Miezi ikapita. Mwenzake wa maabara akarudia kipimo, safari hii akaweka kile kimiminika kitupu, bila jani. Seli zikafa vilevile. Kimiminika ndicho kilichoua. Majani yalifaa kwa vidonda, ndiyo, lakini saratani hayakuigusa.

Binti wa fundi cherehani alikuwepo mama yake alipoambiwa. Anasema mama alikunja kitambaa alichokuwa akishona. Kisha akasema: "Kazini usiwaambie, mdogo wangu. Watakucheka."

Alirudi hospitali. Ugonjwa ulikuwa umeshasambaa. Hakumaliza mwaka.

Na mdogo wake aliwaambia. Kila kundi jipya la wanafunzi lilisikia habari hii siku ya kwanza, yote, hata pale aliponyamaza mbele ya dada yake. Na mtu akimletea matokeo ya kung'aa, alikuwa na swali moja tu: "Na ile bila jani iko wapi?" Ndipo jina lilipotoka. Wanafunzi walimwita hivyo kwa utani, naye aliwaacha.

Kwa binti huyo, aliyelelewa na mama yake mdogo baada ya msiba ule, tunampa pole kutoka moyoni. Pole kwa wanafunzi wake na kwa wenzake wa maabara. Nasi tuliobaki tujiulize: nyumbani kwetu, ni nani anayemeza kitu kwa sababu tu anatuamini? Tumemwambia yote tunayoyajua? Kama bado, tumwambie leo.

Mtafiti wetu mwenyewe hakukosa kliniki hata mara moja. Lakini madaktari walipofika mwisho wa uwezo wao, alimwomba binti akachume majani ya kile kichaka, ayachemshe.

"Mama mdogo, hata wewe?" binti alimaka.

"Si dawa, mwanangu. Maisha yangu yote nimeyapima majani haya, sijawahi kuyaonja."

Binti akaleta kikombe. Mgonjwa akanywa funda moja. Uso ukamkunjamana, machozi yakamtoka, akashindwa kumeza la pili.

"Alinidanganya," akasema. "Kumbe ni machungu hivi."

Akakishika kikombe kwa mikono miwili, akanywa mpaka kikaisha.