Kasiva Musembi na Pini za Mafundi wa Makuti

Mimi Kavumbi nina miaka sabini na tisa. Nimekizika kivuko cha Kilifi, nimewazika matajiri wawili wa kampuni hii na pikapu zake tatu, na meno mengi yameniaga. Kwa hiyo alipotafutwa mtu wa kuandika wasifu wa Kasiva Musembi, anayestaafu mwisho wa mwezi huu baada ya miaka thelathini na moja ya kushika hesabu za Kiponda na Wanawe, hapa Kibarani, sikungoja kuombwa. Shule niliiacha darasa la tatu, lakini wenye digrii hawakuwepo Sabaki siku ya kisa hiki. Mimi nilikuwepo.

Kasiva alitujia kutoka Ukambani akiwa msichana mwembamba. Aliambiwa kwamba Pwani watu husalimiana kwa shikamoo, basi akatuamkia wote, hata vibarua wadogo kwake. Wakazoea vibaya, wengine wakawa hawafanyi kazi mpaka waamkiwe. Mimi ndiye nilimfundisha nani huamkiwa. Wa kwanza nilijitaja mwenyewe.

Kampuni yetu huezeka makuti kwenye hoteli na nyumba za watu. Mafundi si wa mshahara. Hulipwa kwa kandarasi, paa kwa paa. Sasa sheria ya kodi inasema ukimlipa mtu wa kandarasi, uzuie sehemu ndogo ya malipo yake, uipeleke serikalini kwa jina lake, naye apewe cheti. Na huwezi kuipeleka bila namba yake ya kodi, ile inayoitwa pini. Mwaka jana Kasiva alikuwa hana hata pini moja ya mafundi, na siku za kupeleka kodi zinayoyoma. Tajiri Kiponda akatangaza kwamba faini ikija, itakatwa kwenye kiinua mgongo cha Kasiva, maana hesabu ni zake. Tajiri atakuwa amekaa mbele siku ya sherehe ya kumuaga Kasiva, haya yakisomwa. Akatae.

Basi Kasiva akaja Sabaki, tulikokuwa tunaezeka, akasimama chini ya paa na kuwaomba mafundi pini zao.

Mafundi wetu wanajua pini moja tu, ya kutolea pesa kwenye simu, na redio huwaonya kila siku wasimpe mtu. Mikono iliyokuwa ikifunga makuti ikasimama. Dena, fundi mkubwa, akauliza kwa adabu zote: "Mama Kasiva, umri huu ndio umejiunga na matapeli?" Mwenzake Mwaro alijibu kwa mikono. Aliivuta ngazi juu.

Nami msimamizi wao nilikuwa upande wao, na sijahama. Pini ni kama chupi, haiazimwi. Lakini nilimwonea huruma, nikamshauri aliache hilo neno, aseme namba ya kodi. Ushauri wangu ulikuwa mzuri, masikio ya Dena ndiyo mabaya. Yeye amepanga nyumba, na kodi ya miezi mitatu hajalipa. Aliposikia kodi akajua mwenye nyumba ndiye kamtuma Kasiva, akapanda mpaka kileleni.

Kasiva alivua viatu, akakaa juu ya rundo la makuti, akainamisha kichwa. Nilidhani analia. Kumbe anafikiri. Akainuka, akaitaja pini yake mwenyewe kwa sauti, herufi kwa namba, mpaka wapita njia wakaisikia. Kisha akamrushia Dena simu yake mwenyewe.

"Itie humo, baba. Ukitoa hata shilingi moja, kiinua mgongo changu ni chako."

Dena hakuhitaji kubembelezwa. Alitia, akatia tena. Simu ilitaka tarakimu nne tu, herufi haizijui. Mwaro akachungulia, akacheka mpaka akashika boriti. "Ina herufi kama namba ya gari," akasema. "Hiyo haifungui hata choo."

Ngazi ikashuka. Mimi ndiye niliyeishikilia isiteleze, jambo ambalo watu husahau kulitaja. Wasiokuwa na pini ya kodi Kasiva aliwasajili palepale kwa simu. Yangu niliitoa ya mwisho, tena kwa kunong'ona.

Kodi ilifika kabla siku ya mwisho haijapita, faini haikuja, na kila fundi alipata cheti. Cha Dena kimetundikwa sebuleni juu ya picha ya harusi. Na juzi tajiri alimkabidhi Kasiva kiinua mgongo chake, kizima, mbele yangu. Kasiva akakihesabu mara mbili. Tajiri akanuna. Mimi nikamwambia Kasiva ahesabu ya tatu.

Mama Kasiva, asante kwa kutuvumilia. Mungu akupe afya, mvua ya kutosha huko shambani kwako, na majirani wasiokopa.

Mashahidi wa haya ni Dena na Mwaro, waliokuwa juu ya paa. Wakisema tofauti, mniamini mimi. Wao walikuwa wanatazama simu.