Ukiulizwa, Sema Una Njaa

Sogeeni wanangu, mniwekee mto mgongoni, pumzi yangu imekuwa fupi. Bupe, mjukuu wangu, keshokutwa unapanda ndege kwenda kusoma Ujerumani, ukae mwaka mzima kwenye nyumba ya watu, na mie utakaporudi hutanikuta. Loveness, usitoke, haya nayasema mbele yako kwa sababu yalikuwa yako kabla hayajawa ya mwanao.

Nyumba hii ya Madale ni yako, Loveness, na kaka yako Elibariki atachukua shamba la Tukuyu, wala msije mkagombea kuta mkasahau kuwa mlinyonya ziwa moja. Hayo nimeyamaliza. Linaloninyima raha ni sahani.

Bupe, mama yako alipokuwa na miaka kumi na saba kama wewe, kanisa lilimpeleka hukohuko kwa familia moja njema, na mie nikamfunda nilivyofundwa kwetu: mtoto mwenye adabu akikaribishwa chakula husema nimeshiba, akikaribishwa tena husema asante, mpaka mara ya tatu ndipo ananawa. Basi wale watu wakamuuliza mara moja, akasema ameshiba, wakaondoa sahani, maana kwao neno la mtu ndilo neno lake. Hawakuwa na roho mbaya. Mwanangu akalala na njaa kwenye nyumba iliyojaa mikate, akaniandikia, "Mama, huku sishibi," na mie, mwalimu mzima wa shule ya Jumapili, nikamjibu, "Vumilia, usituaibishe." Akavumilia miezi minne, akarudi mifupa mitupu, na uwanja wa ndege sikwenda kumpokea, eti majirani watasema kashindwa Ulaya. Majuto ni mjukuu, na wangu ndiye huyu hapa amekalia begi lake.

Kwa hiyo sikiliza, Bupe. Waamkie wenyeji wako, osha kikombe ulichonywea, lakini wakikuuliza kama una njaa, sema ninayo. Ukiugua, sema. Ukipakumbuka nyumbani, lia mbele yao, na wala usijifungie chumbani. Na ukisikia nimefariki usikatishe safari. Mama yako atanizika, nawe utakuja kuniona kaburini ukimaliza masomo.

Loveness... miaka ishirini na nane neno hili limenikaa kooni. Nisamehe, mama. Hukushindwa wewe, nilishindwa mie. Usilie, utanifanya nisimalize.

Bupe, lete kichwa hapa... mkono wenyewe mzito. Mungu akutangulie, akupe watu wema, na akupe ulimi wa kuwaambia kweli.

Sasa, Loveness... ule uji wa asubuhi. Nilisema nimeshiba. Na jana nilisema hivyohivyo. Naona haya kula mkononi mwako. Nina njaa, mwanangu... Nilishe.