Mama Pua Anakabidhi Ufunguo wa Chumba cha Fuko

Mkurugenzi wa kituo chetu cha utafiti wa wanyama alithibitisha Jumatatu asubuhi kwamba Mama Pua, mtafiti mkuu wa chumba cha fuko, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30, baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, na kwamba ufunguo wa chumba hicho atakabidhiwa mtafiti mwenzake, Dada Marashi. Taarifa ilibandikwa ubaoni kabla ya chai. Kufikia mchana, ofisi ya mkurugenzi ilikuwa imepokea simu kadhaa za kuuliza kama ni kweli. Moja ilitoka kwa Dada Marashi mwenyewe.

Maswali hayo hayakutoka hewani. Mama Pua alitakiwa kustaafu mwaka juzi, akaomba nyongeza kwa kuwa malkia wa ukoo wa mashariki wa wanyama hao wachimbaji alikuwa na mimba. Mwaka jana akaomba tena, safari hii kwa sababu kipimajoto cha chumbani, kwa maneno yake, "kinasema uongo kwa makusudi." Kipimajoto kikabadilishwa. Yeye hakuondoka. Mlinzi wa getini ameliambia jarida hili kwamba ataamini siku atakapouona mto wa kiti anachokalia Mama Pua chumbani ukitoka getini, "na mwenyewe akiwa ameukumbatia."

Kwa wafanyakazi wapya ambao hawajaruhusiwa kuingia, nao ni wengi: chumba cha fuko kiko mwisho wa korido ya chini, mkono wa kulia, ukishapita stoo. Ndani kuna joto la kukutoa jasho kabla hujafunga mlango, taa nyekundu hafifu, na mabomba ya plastiki angavu yaliyounganishwa kama mfumo wa maji wa nyumba iliyojengwa na mafundi waliogombana. Humo wanaishi fuko wasio na manyoya, wanyama wadogo wa ngozi iliyokunjamana na meno yaliyoutangulia mdomo, katika koo mbili: wa mashariki na wa magharibi. Kila ukoo una malkia mmoja anayezaa. Waliobaki ni wanawe na ndugu zake, wanaochimba, wanaobeba chakula, wanaolea na wanaolinda njia. Wanatambuana kwa harufu. Wametenga chumba cha choo, na hujigaragaza humo kwa bidii kubwa ili wote wanuke sawa. Anayerudi na harufu ngeni hung'atwa, na asipoondolewa upesi huuawa, hata kama ni ndugu wa tumbo moja.

Kazi ya chumba hicho, kama ya kituo kizima, ni kuchunguza jinsi tabia ya wanyama ya kuishi pamoja, kusaidiana na kufukuzana ilivyojengeka kizazi baada ya kizazi. Kazi ya Mama Pua, kwa jinsi alivyoielewa yeye, ilikuwa kuhakikisha kwamba kinachochunguzwa ni fuko, siyo sabuni ya mtafiti. Ndiyo maana hakuna aliyeingia bila kunuswa mikono mlangoni. Mkurugenzi wa sasa, siku yake ya kwanza kazini, alirudishwa kunawa mara mbili, akaingia na mikono mikavu kama ya fundi wa saruji. Mgeni rasmi mmoja aliyekuja na koti lililopuliziwa manukato aliwatazama fuko kupitia kioo cha korido, koti likiwa limebaki garini.

Hata nyumbani mambo ni yaleyale. Mumewe, fundi cherehani, anasema sabuni mpya hainunuliwi bila kikao. "Nikirudi na shati linalonuka moshi ananiuliza nilikaa na nani. Siyo wivu, jamani. Anataka kujua huyo mtu anapikia nini."

Tabia hiyo ya kutilia kila kitu shaka ilianza zamani. Mama Pua aliajiriwa kama mtafiti msaidizi katika kitengo cha ndege, wakati huo kikiwachunguza ndege ambao vijana wao hubaki kiotani kuwasaidia wazazi kulisha wadogo zao. Ripoti za kitengo zilikuwa zimejaa neno "ukarimu." Mama Pua akaweka kiti chini ya mti, akakaa. Akamwona kijana mmoja akifika na funza mdomoni, akimtia kinywani mwa kifaranga, akigeuza shingo kuangalia kama kuna mkubwa karibu, kisha akimtoa yule funza na kummeza mwenyewe. Katika ripoti yake, mahali pa maoni, aliandika maneno mawili: "Msaidizi atazamwe." Maneno hayo yamebaki kituoni. Mpaka leo mtu akijitolea kuchemsha chai, kuna atakayesema atazamwe.

Lakini kisa kinachosemwa zaidi wiki hii ni cha miaka kumi na moja iliyopita, na ndicho kinachofanya watu waitilie shaka taarifa ya ubaoni.

Wakati huo Mama Pua aliongoza jaribio kubwa kuliko yote ya chumba hicho. Fuko mmoja mmoja alitolewa kwenye ukoo wake, akatengwa kwa siku mbili kwenye boksi safi, kisha akarudishwa kwao. Ukoo wa mashariki ulishughulikiwa na Mama Pua. Ule wa magharibi ulishughulikiwa na mtafiti kijana aliyekuwa ndiyo kwanza ameajiriwa. Matokeo yalishangaza: magharibi waliwapokea wenzao kama waliotoka dukani, mashariki waliwang'ata. Makala iliandikwa ikidai kwamba ukoo wa mashariki umerithi ukali, na kwamba huenda hapo palionekana jinsi uhasama kwa wageni unavyoanza. Mkutano wa kimataifa uliikubali. Tiketi zilikatwa.

Mama Pua hakufurahi. Koo zote mbili, alisema, zilitoka kwa bibi mmoja. Ukali huo umetoka wapi? Akaanza kunusa. Sabuni ya maliwatoni iliondolewa. Mfagiaji alikatazwa dawa ya sakafu. Mlinzi alihojiwa kuhusu buti zake. Hatimaye ilionekana chupa ya losheni ya mikono kwenye mkoba wa yule mtafiti kijana, na hapo kesi ikafungwa. Binti alijitetea kwamba huipaka akifika nyumbani tu, na kwamba fuko wanaong'atwa si wale anaowashika yeye. Mama Pua alijibu kwamba harufu haina adabu, husafiri. Akamwondoa chumbani, akamhamishia stoo kupanga mabomba. Jina la Dada Marashi lilitokea siku hiyo, na halikuwa la upendo.

Fuko wa mashariki waliendelea kung'atwa.

Dada Marashi aliitwa tena kuhojiwa, mara hii mbele ya watu, kwenye korido, Mama Pua akiwa na mafua makali na sauti imekauka. Waliokuwepo wanakumbuka maneno ya binti hivi: "Mama, umeninusa mimi. Umemnusa mlinzi. Umenusa mpaka kitasa cha mlango. Wewe umenuswa na nani?"

Mlinzi anasema alianza kutafuta njia ya kurudi getini. Mama Pua akanyoosha mikono yake miwili na kumwambia yeye, mlinzi, anuse. Alinusa mikono, hakuona kitu. Akaambiwa anuse uso. Akasogea, akarudi nyuma.

"Mama, nisamehe. Unanuka kama duka la dawa."

Ilikuwa dawa ya mafua, ile ya kuchua. Mama Pua alikuwa akiipaka puani na kifuani kila alfajiri kwa msimu mzima, na kwa kuwa pua yenyewe ilikuwa imeziba, hakuisikia. Mikono alinawa kama kawaida. Glavu alivaa kama kawaida. Ila ana tabia ya kusukuma miwani juu kwa kidole, na alikuwa akifanya hivyo akiwa tayari na glavu, kisha kwa kidole hichohicho anamshika fuko.

Hakuamini mara moja, na hakutaka mtu mwingine aamini. Aliagiza ijaribiwe: yeye aache dawa, Dada Marashi aipake puani na kusukuma miwani ya kuazima. Mashariki wakatulia. Magharibi wakaanza kung'ata. Makala ya ukali wa kurithi ikaondolewa kwa barua aliyoiandika mwenyewe. Mkutanoni alikwenda, kwa kuwa tiketi ilishakatwa, akapanda jukwaani na chupa ya dawa ya mafua, akaeleza jinsi mtafiti mmoja alivyovumbua uhasama kwa kutumia pua yake. Mwongozo wa kushika wanyama uliotokana na kisa hicho sasa unatumika katika vyumba vyote vya kituo. Kifungu cha kwanza kinasema kwamba msimamizi hunuswa kabla ya wengine.

Dada Marashi alirudishwa chumbani wiki ileile. Aliombwa radhi mbele ya watu, kwenye korido ileile. Jina halikurudi nyuma. Amelizoea, na mwenyewe ndiye anayelisaini kwenye ratiba za zamu. Lakini urafiki haukuzaliwa hapo. Kwa miaka kumi na moja wawili hao wamefanya kazi bega kwa bega wakichungana. Hakuna anayepima joto bila mwenzake kupima tena. Ndiyo maana, taarifa ilipotoka, wapo waliosema Mama Pua anamtega: atamkabidhi ufunguo, fuko ataumia, kisha nyongeza ya tatu iombwe.

Mkurugenzi amekanusha. Amesema jina la Dada Marashi lilipendekezwa na Mama Pua peke yake, baada ya kukataa majina mengine yote, likiwemo la mkurugenzi mwenyewe aliyelitoa kwa utani. Alipoulizwa na jarida hili, Mama Pua alijibu akiwa anapangusa miwani: "Wale wengine wananiamini mno. Huyu haniamini hata nikimwambia leo ni Jumanne. Chumba kile nitamwachia yeye."

Dada Marashi alipoelezwa jibu hilo aliuliza lilitolewa siku gani. Aliambiwa Jumanne. Akaangalia kalenda.

Kwake jambo hili si la sherehe tu. Jana, Jumatano, alimtoa fuko mmoja wa ukoo wa mashariki na kumtenga kama ilivyokuwa zamani. Kesho, akishapokea ufunguo, atamrudisha peke yake, Mama Pua akiwa nje ya kioo, jambo ambalo halijawahi kutokea. Yeye na Mama Pua wamekubaliana kwamba fuko akipokelewa, ufunguo unabaki kwa Dada Marashi. Aking'atwa, atatolewa haraka, ufunguo utarudi kwa mkurugenzi na mrithi atatafutwa upya. Kwa vyovyote, Mama Pua anaondoka. Hilo amelisaini, na mlinzi ameomba kuiona sahihi.

Anaacha koo mbili zenye afya na wanafunzi wengi waliojifunza kwake kwamba jibu zuri likija mapema lirudishwe mlangoni likanawe. Kituo kinamshukuru kwa yote hayo, na kwa ile barua moja ya kuondoa makala. Mama Pua, uende salama, mafua yakukae mbali, na fundi cherehani apumzike kuhojiwa. Kamati ya zawadi inaomba ieleweke kwamba manukato hayakuwahi kufikiriwa.

Makabidhiano ni kesho, Ijumaa, saa kumi jioni, korido ya chini. Wote mnakaribishwa bila losheni, bila mafuta ya nywele, bila marashi. Ukaguzi wa mikono utaanza saa tisa na nusu mlangoni. Wa kwanza kunuswa, kwa ombi lake mwenyewe, ni Mama Pua. Atakayemnusa ni Dada Marashi.