Kuka Wanzala na Maneno ya Kufungia Orodha

“Kuka, mbona wewe husemi ‘na kadhalika’ kama watu wengine?” Awinja, mjukuu wa dada yake, alimuuliza kuka, yaani babu, swali hilo mwaka 1993, akiwa darasa la sita. Mzee alichungulia ndani ya kikombe chake.

Mwalimu Philemon Wanzala alizaliwa tarehe 4 Machi 1932 karibu na stesheni ya Butere, akiwa kitinda mimba wa Mzee Were. Alisoma shule ya misheni hapo hapo, akaingia chuo cha ualimu na kuhitimu mwaka 1954. Alifundisha Kiingereza Bukura, Shinyalu na mjini Kakamega hadi alipostaafu mwaka 1987.

Kilichomvutia zaidi ni vijineno ambavyo watu hufungia orodha wakichoka kutaja. Aliwaambia wanafunzi, macho yakimng’aa, kwamba Waingereza walikuwa na “and so forth” yapata miaka elfu moja iliyopita, kwamba “et cetera” waliiazima kwa Kilatini, na kwamba “and so on” ni mtoto wa juzi tu. Wengine waliona ni uvivu wa kusema. Yeye alikataa. “Anayesema hivyo anajua mwenzake anayafahamu yaliyobaki,” alisema. “Mgeni huwezi kumwambia ‘na kadhalika’. Ataleta nini?”

Tarehe 12 Agosti 1961 alimwoa Pascalia Kageha. Jioni akirudi kazini aliita tu, “Mama, chai na kadhalika!” Pascalia alileta chai, akaleta njugu za kukaanga, kisha akavuta kigoda akaketi kando yake. Hawakujaliwa watoto. Pascalia alifariki mwaka 1972, na nje ya darasa hakuna aliyemsikia mwalimu akiyatamka tena maneno yale.

Dukani kwa Bramwel alitaniwa sana. “Mwalimu, wewe hununuanga sukari na kiberiti tu! Sema ‘na kadhalika’ nikutilie mandazi!”

“Bramwel, kwani unaijua kadhalika yangu wewe?”

Watu walicheka, naye akacheka. Halafu alibeba mfuko wake akaenda kwenye nyumba yenye kikombe kimoja.

Mwaka 1997 moyo ulianza kumsumbua. Awinja akawa anakaa kwake kila likizo kumsaidia. Mwalimu alituaga nyumbani kwake alfajiri ya Jumatano, tarehe 19 Agosti 1998.

Ameacha dada yake Immaculate, mpwa wake Isaiah, na mjukuu wake Awinja. Ni hao tu; hakuna “na wengineo”. Mungu amlaze kando ya Pascalia, wapumzike pamoja kwa amani.

Swali la mwaka 1993 lilipata jibu Ijumaa, siku tano kabla hajatuaga. Mvua ilikuwa inanyesha. Awinja alikuwa jikoni akikaanga njugu bila kutumwa, akidhani mzee amelala, mara akasikia sauti ndogo kutoka chumbani:

“Awinja! Niletee chai, mama, na kadhalika.”