Jua Lilipoupita Mlima

Hapa Kanduyi, Bungoma, tuna benchi iliyokuwa ya kanisa, mpaka mguu wake mmoja ukaoza na waumini wakaichoka. Sisi tuliitilia matofali, tukaiegemeza kwenye ukuta wa duka la Sellah, fundi wa simu, na tangu hapo haijakosa watu wala mahubiri. Edinah ana birika lake la kahawa ya tangawizi pembeni, na ndiye mwenyekiti wetu, kwa sababu anayemkosea hunywa mate. Mzee Walubengo tunamwita Mipaka: aliwahi kuwashikia wapimaji wa ardhi mnyororo wao, na hadi leo hajaona ua asioutilia shaka. Hillary wa bodaboda ni Breki, jina alilopewa kwa sababu hana. Kinyua, mtu wa Kirinyaga anayeuza vitabu vya mitumba, ni Profesa. Mimi nimo tu, nasikiliza mpaka kahawa yangu inapoa. Alhamisi hiyo mawingu yalikuwa yametanda tangu mchana, na Sellah alitoka dukani na uso wa mfiwa, akaketi katikati yetu bila hata salamu.

— Mulembe kwanza, mtoto, Edinah akamwambia. Nani amekufa?

— Mlima.

— Mlima gani?

— Yangu. Ile ya gemu.

Hapo tukamwelewa. Karibu mwaka mzima, wateja wakipungua, Sellah alikuwa akijenga ndani ya gemu ile ya mabloku nchi nzima ya Simbara, nchi ya kwenye riwaya aliyouziwa na Profesa ikiwa haina jalada wala jina la mwandishi. Kila kijito, kila daraja, kila ngazi ya kwenda mlimani, vile vile kitabu kinavyosema. Jumamosi kundi moja la wasomaji wa Kitale lingeifungua kwenye skrini kubwa na kutembea ndani yake.

— Si ulisema umemaliza? Breki akauliza.

— Nilimaliza! Shida ni jua. Ndani ya hiyo gemu unaweza simamisha jua saa sita, ujenge bila giza kukusumbua. Mimi nililifunga siku ya kwanza. Leo asubuhi nikaliachilia, nione jioni ya Simbara. Likaenda likashukia sokoni.

— Sokoni ni pazuri bana. Litapata wateja.

— Breki, kitabu inasema jua inaingia kwa mdomo ya mlima kila jioni! Ndio maana yule msichana wa hadithi analinda mlango ya huo mlima. Sasa mlima iko mbele, soko iko mkono wa kushoto, na jua imepita mlima ni kama haijuani nayo.

Mipaka akaweka kikombe chini. Neno likigusa mahali kitu kilipo, hilo ni lake.

— Mlima uliweka upande gani?

— Kaskazini, mzee.

— Basi hujakosea. Sisi tulifundishwa shule: simama, angalia mlima huu wetu, hiyo ni kaskazini. Mkono wa kushoto ni Uganda. Aliyekosea ni kitabu. Na wahenga walisema, milima haikutani lakini binadamu hukutana. Maana yake mlima hauhamishwi.

— Haina maana hiyo, Edinah akasema.

— Ina maana nyingi, mama. Mimi nimechukua hiyo.

Profesa alikuwa amefumba macho, dalili kwamba anataka aulizwe. Hakuna aliyemuuliza, akayafumbua mwenyewe.

— Mzee anasema ukweli. Hata kwetu Kirinyaga mlima uko kaskazini. Kule kaskazini, huku kaskazini. Mlima ni kitu ya kaskazini. Hiyo ni makosa ya wachapishaji tu.

— Na kitabu ulimuuzia wewe, nikamkumbusha.

— Nilimuuzia karatasi. Maneno yalikuwa bure.

— Nyinyi wote hamjui jua, Breki akasema. Jua ni kama mtu wa boda. Ikiona polisi mbele inakata kona. Hiyo ya Simbara imefika hapo juu ya soko, ikajifanya inatua, ikazunguka na panya route mpaka nyuma ya mlima, ikaingia. Watu wa kitabu waliona kuingia tu. Kona hawakuona.

— Na mwangaza wake, ilikuwa imezima taa? Edinah akauliza.

— Imezima full kabisa. Si tunafanyanga hivyo?

Edinah alimwongezea kahawa, nadhani kwa huruma.

— Mimi naona mlima ndio uligeuka, akasema. Mlima iko na uso na mgongo kama mtu. Mkiukosea unawapa mgongo. Hata huu wetu ati mnadhani kwa nini mvua ilichelewa mwaka huu? Hao watu wa Simbara waliomba msamaha, mlima ukageukia jua. Basi.

— Sasa mimi nifanye nini Jumamosi? Sellah akauliza, na sauti yake ilikuwa imeanza kukatika. Niwaambie mlima uligeuka?

— Waambie walaze hiyo skrini ubavu, Mipaka akajibu. Asiyeziba ufa hujenga ukuta. Wewe umejenga ukuta tayari, kwa hivyo ufa huna.

— Tuma tu hivyo, Profesa naye akasema. Nani atajua?

— Mimi nitajua, akasema mtu nyuma yetu.

Alikuwa mama mmoja mgeni, simu mkononi, kioo kimepasuka. Alituambia anaitwa Chepngeno, wa Endebess, kule Kitale, na kwamba alikuwa amesimama hapo muda wote akingoja fundi, ila mabishano yalikuwa matamu. Edinah akamsogezea kikombe. Mgeni akanywa kwanza.

— Kwetu jua linaingia kwa mlima kila siku, akasema. Saa ya kukamua ng'ombe ya jioni, linaingia.

— Mlima gani? Mipaka akauliza.

— Huu wenu.

— Huu wetu uko kaskazini!

— Kwetu uko magharibi.

Mipaka alinyoosha mkono wa kulia, halafu wa kushoto, akaurudisha wa kulia kwenye goti.

— Mlima mmoja hauwezi kuwa na plot mbili, akasema, ila polepole.

— Breki, nikamuuliza, si wewe hupeleka watu Kitale kila wiki? Mlima huuona wapi?

— Mimi? Macho yangu iko kwa barabara, mzee. Mlima haijawahi niingilia mbele.

Sellah alikuwa ameshika kichwa. Nilidhani analia, na kweli alikuwa analia.

— Kwa hivyo mwandishi ni mtu wa upande wa Kitale. Na mimi nimemjengea Bungoma. Hata sikufikiria. Nilisoma "mlima" nikauweka pale mlima hukaa. Na mto unatoka mlimani, barabara inafuata mto, soko liko kwa barabara. Mlima ukihama, zote zinahama.

— Acha basi, mtoto wangu, Edinah akamwambia. Ni gemu tu.

— Chuo niliacha, mama. Ushonaji nikaacha. Kwaya nikaacha, na mlinicheka hapa hapa. Hii ndiyo kitu ya kwanza nimewahi kufika mwisho. Kumbe mwisho wenyewe ni wa uongo.

Tulimcheka kweli. Niliona aibu, nikatazama kikombe changu. Wengine nao walikuwa na vikombe vya kutazama.

Chepngeno hakuwa na kikombe tena. Alikuwa akituangalia mmoja mmoja, bila ubaya, kama anayetaka kujua tu.

— Na hapa mnapokaa kila jioni, akauliza, jua linatua wapi?

Mipaka alielekeza stedi ya boda. Breki alielekeza uwanja wa mpira. Profesa alielekeza kanisa, na Edinah akaelekeza kwa mwiko juu ya paa la posho mill. Mimi mkono wangu ulikuwa tayari uko hewani, ukielekeza mahali pa tano, nilipoona ya wenzangu. Tukatazama juu tusaidiwe. Juu kulikuwa na wingu moja, pana, la kijivu, kutoka mwisho hadi mwisho. Mikono ikaanza kushuka mmoja mmoja.

Sellah alitutazama, akafuta uso kwa kiganja, akacheka. Alicheka mpaka Chepngeno naye akacheka. Kisha akasimama na kutoa simu mfukoni.

— Breki, kesho unipeleke Endebess. Na usikimbie, nataka kufika jioni nikiwa na macho.

— Na kioo changu? Chepngeno akauliza.

— Yako natengeneza leo, mama. Kesho unionyeshe mahali ng'ombe husimama.

Akabonyeza namba, akaenda kusimama mlangoni pa duka. Tulikaa kimya tumsikilize, maana hilo tunaliweza.

— Halo? Ni Sellah wa Bungoma. Jumamosi haitawezekana… Hapana. Hapana, sijaacha. Niliweka mlima mahali si pake… Eeh, mlima. Wote. Naanza kuubomoa leo.