Vitabu Vitatu Vigumu

Ndugu zangu, nawasalimu nyote, wa asalaam aleikumu na wa Bwana asifiwe. Mwenyekiti kaniomba niseme maneno mawili kabla hamjagawiwa karatasi za jaribio, maana anasema nyie watahiniwa wa kujitegemea mnapenda kumwona mtu aliyeanguka akasimama tena. Basi mie hapa. Nitasema jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu, na kuna mmoja humu ndani litamgusa mwenyewe. Anisamehe.

Mie ni mwalimu, mnanijua. Miaka ile maduka yalipoanza kujaa vitu tena na kila nyumba hapa Mbagala ikafungua genge, nilipata bahati ya kwenda chuo. Masomo ya darasani nikayamaliza vizuri, ikabaki tasnifu tu. Nilichagua kuandika kwa nini watoto wa huku kwetu wanakatisha shule. Nikapita nyumba kwa nyumba na karatasi za maswali, kina mama wakaacha kupara samaki wakanijibu. Majibu yao nikayatia kwenye boksi la sabuni, nikarudi kwa mama yangu ili nitulie niandike. Chuo kilinipa miaka miwili.

Nawaambia, kuandika kunatisha. Siku ya kwanza niliandika sentensi moja, nikaifuta. Nikasema ngoja nipumzishe kichwa kidogo, nikachukua riwaya niliyoipenda tangu sekondari. Nilikuwa nazo tatu: ya tarishi aliyepotea na barua, ya bibi harusi aliyekimbia, na ya ndugu wawili waliogombea kisima. Zote najua zinavyoisha, na ndiyo raha yake! Tasnifu hujui itaishaje, lakini yule tarishi kila ukimfuata anafika. Nikawa namaliza ya tatu, narudi ya kwanza. Asubuhi ikipita nasema mchana, mchana ukipita nasema Jumatatu. Mnacheka? Chekeni, najua humu mna watu wa Jumatatu.

Sasa, mama yangu hakujua kusoma. Lakini tangu nikiwa darasa la kwanza, kukava vitabu ilikuwa kazi yake. Kwetu kalenda ya mwaka uliokwisha haikutupwa. Aliikata, akakunja pembe, akabandika kwa uji mzito wa unga wa muhogo. Alikava kila kitabu changu, vya chuo na vya hadithi, vyote vikawa na sura moja. Mie nikajificha humo. Nikiketi barazani na tarishi wangu, mama anawafukuza watoto wa jirani: "Hebu nendeni huko, dada yenu anasoma!" Redio anazima. Maji anachota mwenyewe, na miguu yake ilikuwa imeshaanza kuvimba. Nilikuwa namwona anapita na ndoo, nami nafungua ukurasa mwingine. Hilo linaniuma mpaka leo.

Mchana mmoja alikuwa mkekani, anavikava upya vile vitatu. Akaniambia, "Mwanangu, hivi nimevibadilisha kava mara nne. Vile vingine kava ni ileile ya kwanza, haijachubuka hata kidogo."

Nikajua nimekamatwa.

Akasema, "Hivi ndo vigumu, eh? Maskini. Mie naviombeaga kila nikiswali, uvielewe, uvuke."

Ndugu zangu, hapo ndipo palikuwa pa kusema kweli. Nikasema, "Ndiyo mama, ni vigumu." Akaendelea kupaka uji.

Miaka miwili ikaisha. Barua ya chuo ikaja kwamba nimefutwa kwenye orodha. Nikaichomeka ndani ya riwaya ya kisima, na mama nikamwambia chuo kimesogeza muda. Haukupita muda akafariki, akiamini mwanawe bado anapambana.

Siku tulipoanua matanga, jirani yangu mmoja, muuza samaki, alibaki kunisaidia kukunja mikeka. Naye alikuwa miongoni mwa waliojibu maswali yangu. Akauliza, "Mwalimu, yale maswali yetu yaliishia wapi? Mama alikuwaga anatukataza kukuuliza, anasema umekwama kwenye vitabu vitatu vigumu. Basi sie tukawa tunakuombea."

Mtaa mzima, jamani, ulikuwa unaiombea hadithi ya bibi harusi! Nikalia. Jirani akadhani namlilia mama, na kweli nilikuwa namlilia, lakini aibu ilizidi. Nikaingia ndani, nikatoa vile vitatu, nikamkabidhi. "Nitunzie. Hata nikija kuviomba kwa machozi, usinipe." Akavifunga kwenye kanga, akaondoka navyo.

Kesho yake nikalifungua boksi la sabuni. Kisha nikaenda kwa msimamizi wangu chuoni, nikamwambia sikuwa mgonjwa, nilikuwa mwoga. Akanipigania, nikasajiliwa upya, baadhi ya masomo nikayarudia. Mara mbili nilikwenda kwa jirani kuviomba vitabu. Mara zote mbili alinipa kigoda na chai, akasema, "Andika kwanza." Niliandika vibaya, nikaandika tena, mwisho ikapita.

Namshukuru msimamizi wangu. Na jirani yangu, yuko pale nyuma, jina silitaji. Dada yangu, miaka yote umevitunza ukijua ni vya chuo. Ni vya hadithi, dada. Nisamehe, na ahsante.

Nyie wengine, sisemi msisome hadithi, mie mwenyewe nazipenda. Nasema ukiikimbia kazi yako, yupo mtu anakuchotea maji akidhani unaifanya. Mwambie kweli angali anasikia. Mie nilichelewa.

Tasnifu yangu ilitoka na jalada gumu jeusi, haihitaji kava. Nikaikava hivyohivyo, kwa kalenda na uji wa muhogo. Ila pembe zilinishinda. Pembe alikuwaga anakunja yeye.