Karoti za Udongo Mwekundu

Sikilizeni wanangu, Fergus na Tamsin, lakini fungeni hilo dirisha kwanza, maana Coralie wa jirani amesimama pale uani tangu asubuhi akijidai anang'oa magugu, na magugu pale hayapo. Daktari amesema zimebaki siku chache, na uso wake umesema ni chache kuliko hizo.

Shamba hili mimi na marehemu baba yenu tulilitoa kwenye miiba. Familia tisini za bonde hili la Huon hutulipa mapema, kabla hata mbegu haijaota, kisha kiangazi kizima kila Ijumaa huja bandani kuchukua masanduku yao. Hatukuwahi kuwaahidi wingi, tuliwaahidi kwamba kilichomo kimetoka kwenye ardhi hii, mavuno yakiwa mema tushibe wote, yakiharibika tupungukiwe wote. Mwaka ule wa ukame tuliwapa vitunguu na spinachi wiki tano mfululizo, na hakuna aliyejitoa. Mwalimu mmoja mstaafu kati yao alitutania tu, "Merle, ukiishiwa kabisa tupe hata magugu, tutayatia chumvi!"

Sasa tegeni masikio. Mvua ya mawe ilipiga siku mbili baada ya Krismasi, nami niliiona kutoka kitanda hiki ikikatakata majani ya karoti hadi yakabaki vishina. Ijumaa iliyofuata nikaletewa sanduku langu, na ndani mna karoti nene, zimenyooka, zimekatwa majani. Tangu lini sisi tukakata karoti majani, na zetu si zilikuwa bado nyembamba kama kidole? Nikakwangua moja shingoni kwa ukucha, pakatoka udongo mwekundu. Wetu ni mweusi. Ule mwekundu ni wa kaskazini, mwendo wa saa nne kwa gari.

Kikulacho ki nguoni mwako, nami nikaanza kuchungulia nguo. Fergus, magurudumu ya pikapu yako yalikuwa na vumbi jekundu. Nilipokuuliza ulikuwa wapi Jumatano, siku niliyoisikia pikapu ikitoka alfajiri, ulinijibu, "Nililala tu, Mama," huku ukitazama viatu vyako. Tangu siku hiyo, kila nilipokusikia ukicheka na wavunaji kwenye mistari ya maharagwe, nilijiuliza, anamcheka nani huyu? Hata ukinyamaza nilikushuku, nikasema anapanga jingine.

Kwa hiyo wosia wangu ni huu. Mwanasheria anakuja saa nane mchana. Shamba, banda, kisima na mbegu zote ni vya Tamsin. Wewe Fergus utachukua pikapu yako na kuondoka kitunguu saumu kikishaanikwa. Njia ya mwongo ni fupi, na yako imeishia...

Nini? Tamsin, toa uso kwenye shuka, useme nisikie.

Wewe?

Rudia. Uliichukua pikapu ya kaka yako alfajiri, ukaenda kununua karoti za watu, kwa kuwa hukutaka nife nikiyaona masanduku matupu? Naye akajua, akafunga mdomo hata nilipokuwa namfukuza sasa hivi? Ee Mungu wangu. Niinueni kidogo, pumzi inakwama.

Basi shamba ni lenu wawili, nusu kwa nusu, mwanasheria aandike hivyo. Tamsin, Ijumaa usimame mlangoni mwa banda umwambie kila anayekuja kuchukua sanduku, kwa kinywa chako, zile karoti zilitoka wapi. Usibandike karatasi ukutani ukajificha nyuma ya masanduku. Atakayetaka kujitoa, mrudishieni chake na mumuage vizuri. Wiki hiyo wapeni kilichopo, hata kikiwa kiganja cha maharagwe. Ng'oeni kitunguu saumu kabla ya mvua. Mungu awape mikono isiyochoka na... na usingizi usio na hofu. Msiachane.

Fergus, sogea. Sauti imeniisha. Wiki mbili umenipikia supu, na kila ulipogeuka nimeimwaga kwenye beseni chini ya kitanda, nikidhani mkono wa mwongo hauwezi kumlisha mtu chakula cha kweli. Nimekudhulumu, mwanangu, na inaniuma kuliko ugonjwa huu. Ipo iliyobaki jikoni? Usiipashe moto, hakuna muda. Ilete hivyo hivyo... uninyweshe wewe.